Sanduku la Sita

Binti yake Ssalongo alinipigia simu nikiwa nashona kola ya sare ya shule. "Mama Riziki," alisema, "Taata ametuacha leo asubuhi." Nikampa pole, nikauliza mazishi ni lini, nikakata simu, kisha nikaimaliza ile kola kwa sababu mikono yangu haikujua kitu kingine cha kufanya. Baadaye nilifunga kibanda changu hapa Mengo nikakaa ndani gizani, nguo za watoto wa watu zikiwa zimening'inia pande zote. Hapa Kampala mwanamume aliyezaa pacha huitwa Ssalongo, na wengi hawajui kabisa kama ana jina jingine. Mimi nilimfanyia kazi mwaka mzima na jina lake la ubatizo nililisikia mara ya kwanza siku ya mazishi, likisomwa na mchungaji. Nimeishi katika mji huu zaidi ya nusu ya umri wangu. Kuhusu Bukavu, na namna mimi na dada yangu tulivyotoka huko, nimeulizwa mara nyingi na kujibu mara nyingi, na hapa sitarudia. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, ule niliofanya kazi ya bati, kwa sababu Ssalongo ameondoka na waliojua yaliyotokea tumebaki watatu.

Tulikaa Makindye, chumba kimoja kwenye mstari wa vyumba saba, mimi na dada yangu mkubwa Faida, ambaye kwa desturi ya kwetu namwita Yaya. Mumewe alikuwa amekwenda Juba kutafuta kazi na kumwacha na mimba. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja na pazia la kitenge, na dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani kwa karibu hivi kwamba ukinyoosha mkono unaugusa. Mimi nilikuwa fundi wa kushona, lakini cherehani yangu ilibaki Bukavu, kwa hiyo nilipika. Asubuhi nilikuwa nachemsha maharage na kusonga posho, ugali wa huku, na siku nilizopata majani ya muhogo nilitwanga sombe, kisha nateremka na kikapu hadi kwenye karakana ya Ssalongo kando ya barabara. Pale walikuwa wanatengeneza masanduku ya chuma ya wanafunzi wa bweni. Mafundi walikula wamekaa juu ya masanduku ambayo hayajapakwa rangi, na mimi nilisubiri sahani zangu pembeni. Mtu anayesubiri sahani hana anayemwona, kwa hiyo nilisikia kila kitu: nani amegombana na mkewe, nani ameharibu shiti ya bati akaificha nyuma ya choo. Hivyo ndivyo nilivyomsikia Injinia Akinyi kabla sijamjua.

Alikuwa mwanamke Mkenya, mwembamba, anaishi Wandegeya, na mchoro wake alikuwa ameuchapisha huko kwenye maduka ya wanafunzi, karatasi kubwa aliyoikunja na kuikunjua mpaka ikatoboka kwenye mikunjo. Alitaka sanduku la kumtunzia mtoto njiti. Chini kungekuwa na tangi la maji ya moto, juu kitanda cha mtoto, na kifuniko cha kioo; hakuna umeme, ni maji tu ya kubadilisha kila baada ya saa tatu. Siku moja, akila maharage yangu, alimwambia Ssalongo kwamba aliwahi kwenda kutengeneza pampu ya maji katika zahanati moja mbali na mji, na kwa siku nne alizokaa pale watoto watatu walifungwa pamba mwili mzima na wote wakafa kwa baridi. Alilisema hilo bila kupandisha sauti, kijiko mkononi. Wafadhili walikuwa wamempa muda mpaka mwisho wa mwaka. Kama hangewaonyesha sanduku lenye joto sawasawa kila kona, wangefunga mradi.

Sanduku la kwanza lilichukua wiki tatu na lilipotoka kifuniko hakikufunga. La pili lilichukua wiki tatu nyingine. Namkumbuka amesimama mlangoni, viatu vimejaa vumbi jekundu, mchoro umekunjwa kwapani.

"Ssalongo, wiki jana uliniambia wiki ijayo. Wiki ijayo ndiyo hii."

"Injinia, mpola mpola, pole pole. Mashine ya kukunja bati iko kule Katwe, na watu ni mingi. Mimi nasimama pale siku mbili, naludi na bati yangu vile vile."

"Na rangi?"

"Langi itakauka. Jua iko."

"Nitawaambia nini hao watu? Kwamba jua iko?"

Alikwenda akakaa kwenye sanduku la mwanafunzi, akajifunika uso kwa ule mchoro. Mafundi wakaendelea kugonga. Mimi nilikuwa nimekaa nao miezi kadhaa na nilikuwa nimeona siku zinakopotelea. Ssalongo alikuwa anapima moja kwa moja juu ya bati, na akikosea, bati limekwisha, anakwenda kutafuta jingine. Kisha anapanga foleni Katwe. Akirudi, anagundua kwamba mkunjo mmoja umeangukia pasipotakiwa, anaanza upya. Hakuna fundi wa nguo anayeanza na mkasi kwenye kitambaa cha mteja. Unakata karatasi kwanza, unaizungusha mwilini kwa pini, unaona kosa lako likiwa bado karatasi. Nikasema hivyo kwa sauti, nikiwa nimeinama nakusanya sahani, na kelele za nyundo zikakoma.

"Kalatasi?" Ssalongo aliuliza. "Mimi nafanya hii kazi tangu wewe hujazaliwa. Sasa nnyabo, mama wa posho, ananifundisha bati?"

Lakini Akinyi alikuwa ameshaushusha mchoro usoni. "Wacha tuone," alisema.

Tulitumia karatasi za mifuko ya simenti. Nilizikung'uta na kuziunganisha kwa gundi ya unga, nikakata sanduku zima katika kipande kimoja kama mtu anayekata gauni, na nikaacha nafasi ya mshono. Lilisimama juu ya benchi, la rangi ya udongo, na Akinyi akalizunguka akiweka alama. Kwenye bati mambo hayakwenda hivyo mara moja. Kitambaa ukikikunja hakipungui, lakini bati hujimeza kwenye kona, na sanduku letu la tatu lilitoka fupi kwa unene wa kucha kila upande. Nilijifunza kuipa kona chakula chake, bati la ziada la kumeza. Ssalongo naye, ambaye mwanzoni hakutaka kunitazama, alichukua vyuma viwili vya pembe akaviunga kwa bawaba, akatengeneza kibano cha kukunjia bati palepale benchini, na foleni ya Katwe ikawa si habari yetu tena. Rangi tuliiacha, majaribio hayahitaji urembo. Sanduku la nne lilitoka kwa siku sita, la tano kwa nne. Siku hiyo Akinyi alinunua soda kwa karakana nzima, na Ssalongo aliniita "fundi" mbele ya watu. Niliacha kupika. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na tangu tuvuke mpaka hakuna aliyekuwa ameniuliza ninajua nini. Nataka niseme ukweli kuhusu furaha ile, kwa sababu ndiyo iliyonipofusha. Niliamini kwamba hakuna tatizo duniani ambalo halingekwisha kama sisi watatu tungelifanya kwa haraka zaidi.

Kila sanduku tulilijaribu kwa mfuko wa plastiki wenye maji, uzito wa mtoto njiti, uliofungwa kwenye khanga na kuwekewa vipimajoto vinne pembeni. Tulikula tukiutazama. Sanduku la sita lilikuwa zuri kwenye kona tatu. Kona ya nne, karibu na mdomo wa kumiminia maji, ilikuwa inachoma. Akinyi aliweka kiganja chake pale, akakiondoa, akachukua kalamu nene nyekundu akaandika ubavuni: LISITUMIKE. "Hili la kujifunzia tu," alisema. "La saba mtahamisha mdomo uje katikati." Kisha akasafiri kwenda Nairobi kuonana na wafadhili, akituachia mchoro mpya na neno moja, kwamba akirudi alikute liko tayari.

Siku iliyofuata Yaya Faida alijifungua, mimba ikiwa ya miezi saba. Mtoto wa kike. Nilipofika hospitali nilimkuta amelala kwenye kitanda cha joto pamoja na watoto wengine wawili, amebanwa katikati, na miguu yake ilikuwa myembamba kama vidole vyangu. Walimweka pale siku nne. Siku ya tano walikuja wengine wadogo kuliko yeye, na nesi akatufundisha namna ya kumtunza nyumbani. Alikuwa mwanamke mtaratibu na hakutuharakisha. "Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, mfungeni vizuri, asitoke mchana wala usiku," alisema. "Mama akichoka, mwingine ampokee. Msimwache peke yake." Nilitikisa kichwa. Nilielewa kila neno.

Yaya alirudi nyumbani na homa. Alijaribu kumbeba mtoto, akatetemeka mpaka nikaogopa atamwangusha. "Riziki, umuchukue weye," alisema. "Miye siwezi." Nikamchukua. Nilimfunga kwa kitenge chini ya blauzi, na kwa siku mbili nilifua, nilichemsha uji, nilimkamua Yaya maziwa na kumtilia mtoto mdomoni tone kwa tone, yeye akiwa hapo. Alikuwa na pumzi za haraka. Wakati mwingine alizikatiza kidogo, na mimi nilisimama pale nilipo, sufuria mkononi, mpaka zianze tena. Kucha zake zilinikwaruza juu ya titi. Alama hazikukaa hata wiki.

Siku ya tatu niliteremka naye mpaka karakana. Ssalongo alikuwa amesimama mbele ya mchoro mpya na hakuwa amekata kitu, kwa sababu kukata karatasi ilikuwa kazi yangu. Mafundi walikusanyika wakachungulia ndani ya blauzi yangu kwa heshima, mmoja mmoja. "Banange, jamani," mmoja wao alisema, na wakarudi kazini.

"Ssalongo," nilisema, "nipe la sita."

Aliyatazama yale maandishi mekundu. "Injinia amekataa hii."

"Nitaweka blanketi nene kwenye ile kona. Ni siku tatu tu. Nikiwa nimembeba siwezi kuinama benchini. Nisipokata karatasi, la saba halitoki, na yeye ndiye anayelihitaji."

Alifuta mikono yake kwa kitambaa, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. "Nnyabo, huyo mtoto kwa kifua yako yuko sawa. Akae hapo."

"Mpaka lini?"

Nilimsihi. Nilimwambia kwamba kama angekuwa mjukuu wake asingekataa. Lilikuwa neno baya la kumwambia mtu mwema, na nililitumia nikijua. Mwishowe alisema, "Kale, haya. Chukua," akalibeba mwenyewe begani mpaka chumbani kwetu, akaliweka karibu na kitanda, akaikunja blanketi kwenye ile kona mara nne na kuikandamiza kwa ngumi.

Nilimwonyesha Yaya namna ya kubadilisha maji. Saa tatu, saa sita, saa tisa. Nilimwambia achanganye ya moto na ya baridi, aguse kwanza kwa kiwiko. Alikuwa amelala ubavu akitazama mtoto kupitia kioo. "Anafanana na kitu cha duka," alisema. Nikacheka. Nilikwenda kazini na kifua changu kikahisi baridi njia nzima, mahali alipokuwa.

Sijawahi kufanya kazi kwa kasi kama siku zile mbili na nusu. Karatasi moja, bila kosa. Bati moja, bila kosa. Ssalongo alikunja, mafundi wakapiga ribiti, na hakuna aliyezungumza habari za nyumbani kwake. Mchana nilipanda kilima mbio, nikambeba mtoto kwa dakika chache, nikampa maziwa, nikaangalia maji, nikateremka. Siku ya pili niliona kisigino chake kimoja kimekuwa chekundu. Blanketi ilikuwa imesogea. Nikairudisha. Nilipaswa kumtoa pale pale, na sikumtoa, kwa sababu ilibaki kuunga tangi na kufunga kioo.

Siku ya tatu, kama saa nane mchana, sanduku la saba lilikamilika. Hatukulijaribu. Ssalongo na mimi tulilibeba kila mmoja upande wake, tukapanda nalo kilima, watu wakitupisha njia wakidhani ni jeneza dogo. Yaya alikuwa amekaa kitandani, homa imepungua, anakula ndizi. Alitupungia mkono tupunguze kelele. "Amelala vizuri leo," alinong'ona. "Tangu asubuhi hajalia. Nimemugusa, iko na joto muzuri."

Nilifungua kioo nikamnyanyua. Alikuwa na joto. Alikuwa na joto lilelile tulilolitafuta mwaka mzima, na alikuwa amekufa, na hakuna anayejua tangu saa ngapi, kwa sababu sanduku liliendelea kumpasha mwili baada ya yeye kuondoka. Nilimweka kifuani nikamfunga kwa kitenge kama kawaida. Nilikaa hivyo mpaka Ssalongo aliponishika bega. Yaya alikuwa bado na ndizi mkononi na alikuwa ananiuliza, "Nini? Riziki, nini?"

Akinyi alirudi baada ya siku mbili. Alikuja chumbani kutoa rambirambi, kwani kwenye karakana walimwambia tumefiwa, na alikuwa amekwisha vua viatu mlangoni alipoliona sanduku kwenye kona, maandishi yake yakimtazama. Alisimama peku kwenye sakafu ya simenti. "Nani aliliruhusu hili kutoka?" aliuliza. Nilifungua mdomo. Ssalongo, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na wazee wa kanisa letu, alisema, "Mimi."

"Wewe unajua kusoma, Ssalongo?"

"Najua hiyo neno."

Akinyi alivaa viatu vyake akaondoka. Aliwaeleza wafadhili ukweli, hakuficha, na mradi ukafungwa kabla mwaka haujaisha. Alihama Wandegeya akarudi kwao, akalichukua la saba. La sita Ssalongo alilikata vipande kwa mkasi wa bati mbele yangu, pole pole, na sikusikia tena kwake kazi yoyote isipokuwa masanduku ya shule. Nami nilikaa kimya. Nilimwacha abebe kosa langu, na kila nilipokwenda kumsalimia miaka iliyofuata aliniuliza tu kama nimekula. Yaya alirudi Bukavu mumewe alipokuja kumchukua. Siku moja kabla ya kuondoka nilimsikia kupitia pazia, mwanamke jirani akimuuliza mtoto alikuwa na nani alipofariki. "Na miye," alijibu. "Nilikuwa mugonjwa." Kisha akaongeza: "Riziki alikuwa ku kazi."

Siku hizi kwenye barabara ileile kuna vijana wenye mashine inayosoma mchoro kutoka kwenye simu. Unautuma asubuhi, bati linakatwa bila mkono wa mtu, mchana unachukua sampuli yako. Nimewahi kusimama nje nikaitazama ikifanya kazi. Inakata katika muda wa kunywa chai kile nilichokata mimi kwa siku nzima nimepiga magoti, na haikosei kona. Watu wanaona maendeleo. Mimi nasimama pale nahesabu, ingekuwaje kama ingekuwepo mwaka ule, la saba lingetoka siku ileile mtoto alipotoka hospitali, nisingelazimika kumweka chini. Nimehesabu hivyo kwa miaka mingi, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi.

Kwenye mazishi tulipewa chakula chini ya turubai, matoke na nyama, na mwanamke mwenye miwani na mvi alivuta kiti akakaa karibu nami. Nilimjua kwa namna alivyoshika kijiko. Tulikula kwanza. Kisha nilimwambia kile ambacho nilipaswa kumwambia mlangoni pale akiwa peku. Kwamba ni mimi niliyeliomba sanduku, na Ssalongo alikataa, nami nikamsihi.

"Nilijua," Akinyi alisema. "Ssalongo hakuwa mtu wa kudanganya. Alikuwa hata hawezi kunitazama." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya leso. "Nilimkasirikia hivyo hivyo. Ilikuwa rahisi kuliko kukukasirikia wewe."

Nikamuuliza lile nililotaka kuuliza miaka yote. Nilimuuliza kama la saba alilijaribu.

"Nililijaribu Nairobi."

"Na?"

Alivaa tena miwani yake, na mimi nikaelewa kabla hajasema. "Lilikuwa baya kuliko la sita, Riziki. Tulihamisha mdomo wa maji, joto likahamia chini ya mgongo. Kitanda kizima. Ningehitaji mengine matano, labda kumi." Alinishika mkono. "Usingemweka mtu yeyote mle."

Watu walikuwa wanaimba wakielekea kaburini, nasi tukainuka tukawafuata. Nilitupa udongo wangu. Nilirudi Mengo kwa miguu.

Yaya hunipigia simu kila mwaka tarehe ile ikifika. Hasira yake ilikwisha zamani, imebaki huzuni, na huwa anasema neno moja tu, kwamba kama lile sanduku la saba lingekamilika asubuhi badala ya mchana, tungekuwa na binti mkubwa sasa. Anasema kwa upole, kunifariji, kwamba tulichelewa saa chache. Alipiga mwezi uliopita, baada ya mazishi, akasema hivyo tena.

"Ndiyo, Yaya," nilimwambia. "Saa chache tu."